Nyota Zilizozibwa kwa Lami

Jumanne, tarehe 15 Machi 1955. Mawingu tangu alfajiri, jua halikutokeza hata mara moja. Upepo wa vumbi. Mvua inanukia lakini hainyeshi.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema, na sehemu hiyo naiamini, kwa kuwa habari za hewa nilikuwa nikiziandika asubuhi kabla sijaudhiwa na mtu. Yaliyobaki ya siku ile niliyaandika jioni, kalamu ikichana karatasi, na nikiyasoma sasa naona nimemwonea kila mtu. Kwa hiyo nitayaeleza upya, polepole, kila mmoja apate haki yake. Nikishindwa, mjue sikusoma sana. Nilifika darasa la nne huko kwetu magharibi, nikaolewa, nikaja Nairobi kumfuata mume wangu aliyekuwa na kazi ya reli.

Tulipanga chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mama mzee wa Kiislamu, mjane, asili yake pwani, na sisi wapangaji wote tulimwita Bibi. Darasa langu lilianza bila mtu kuamua. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua aliniachia mtoto wake siku moja, kesho yake akaja wa pili, na kufikia mwisho wa mwaka walikuwa kumi na tisa, wa miaka minne mpaka sita, nikiwaimbisha na kuwafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda. Bibi alitupa stoo yake kila asubuhi, bure. Naliandika neno hilo, bure, mapema kabisa, kwa sababu huko mbele nitamlalamikia.

Mwanzoni mwa Februari akaja Memsahib wa ofisi ya ustawi. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya jua na Kiswahili cha kuamrisha, lakini angalau hicho alikuwa amejifunza, na mimi Kiingereza sikuwa nacho hata cha kuamrisha. Alikaa juu ya debe, akasikiliza nyimbo tatu, akasema watoto wengi hivi mahali pamoja wanataka kibali. Angerudi katikati ya Machi. Akikuta wamejifunza kitu cha maana, kibali kitatoka. Asipokuta, darasa litafungwa.

Kila mtu alijua kufungwa maana yake nini. Mama zao wangeendelea kwenda kazini, kwani tumbo halingoji, na watoto wangebaki barabarani, mwaka ule ambao malori ya askari yalikuwa yakiingia na kutoka mtaani wakati wowote. Na mimi, niseme ukweli, nisingeitwa Mwalimu tena. Nilikuwa nimelizoea jina hilo kuliko nilivyolistahili.

"Kitu gani cha maana, Memsahib?" nikauliza.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya picha. "Nyota," akasema. "Nyota hapana taka pesa. Kila mtoto iko na nyota."

Kweli, nyota ni bure. Lakini mwaka ule usiku haukuwa bure. Kafyu ilikuwa bado, na giza likianza tu kila mtu alitakiwa awe kwake, mlango umefungwa. Nilitaka kumwambia, nikaona bila shaka analijua hilo kuliko mimi, nikapokea karatasi. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau au alikuwa akinipima.

Nilianza na njia rahisi. Nikawaambia watoto watazame juu wakiwa uani kwao, jioni kabla ya kulala, wanieleze asubuhi. Asubuhi mmoja alikuwa ameona ndege. Mwingine aliona nyota kubwa nyeupe iliyokuwa ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, mpaka mama yake akamvuta ndani kwa sikio. Hiyo ilikuwa taa ya polisi. Watatu waliona moshi. Binti wa fundi viatu, mwenye miaka sita na ulimi wa miaka arobaini, alisema hakutazama kabisa, maana nyanya yake amemwambia ukihesabu nyota unaota chunjua mikononi.

"Sikusema mhesabu. Nimesema mtazame."

"Sasa Mwalimu, utatazama bila kuhesabu namna gani? Macho yenyewe yanahesabu."

"Hayahesabu."

"Muulize huyu." Akamshika mkono mtoto wa muuza makaa, akauinua kila mtu aone. Ulikuwa na chunjua tatu. "Alifika tatu."

Darasa zima likaficha mikono mgongoni. Ningecheka, lakini hata sisi kwetu tulikatazwa kunyooshea nyota kidole, na sikuwa nimewahi kuthubutu. Nikawaambia basi, tutaonyesha kwa kidevu. Hilo walilikubali mara moja, na ndilo jambo la pekee walilolikubali mara moja mwaka ule wote.

Ndipo nikaliona paa. Stoo ya Bibi iliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, kama nyumba nyingi za Majengo siku zile, na madebe hayo yalikuwa yameshaezeka nyumba nyingine kabla ya hii. Kila mahali palipowahi kupigwa msumari palibaki tundu. Chumba hakikuwa na dirisha. Ukifunga mlango saa nne asubuhi, jua likiwa kali, juu panakuwa peusi na matundu yanawaka. Nilikuwa nimekaa chini yake miezi mingi nikiona matundu tu. Siku ile, karatasi ya Memsahib mkononi, niliona matundu matatu yamejipanga sawasawa kando ya boriti, ndiyo mshipi wa mwindaji aliyechorwa kwa nyota katika ile picha. Karibu na ukuta palikuwa na mengine madogo sita au saba yamesongamana, na hayo niliyajua hata bila karatasi. Kilimia.

Nilifurahi kiasi cha kujisahau. Nikawalaza watoto chali juu ya mkeka, nikafunga mlango, nikaanza kufundisha mbingu mchana kweupe.

"Zile tatu ni mshipi wa mwindaji."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Huyo hapo, amesimama. Haonekani vizuri."

"Amevaa mshipi bila suruali?"

Wakacheka mpaka mtoto mmoja akajikojolea, na somo la siku ile likaishia kwenye kuanika mkeka.

Katika karatasi kulikuwa na dubu pia. Wakauliza dubu ni nini. Nikasema ni mnyama wa Ulaya. Wakauliza anakula nini, nikasema sijui. Wakauliza akija Majengo atalala kwa nani. Nikaachana na dubu.

Lakini ugomvi mkubwa ulitoka chini, si juu. Kila tundu lilidondosha kipande cha mwanga juu ya mkeka, na watoto wakaanza kugawana, hii yangu, hiyo yako. Jua nalo linapanda, na mwanga unatembea. Kufika saa tano nyota ya huyu ilikuwa juu ya goti la yule.

"Mwalimu, ameiba nyota yangu."

"Sijaiba, imekuja yenyewe."

"Basi irudishe."

"Irudishe wewe, kama unaweza kuishika."

Wakakunjana mashati. Nikajaribu kueleza kwamba nyota za kweli nazo hutembea hivyo usiku, toka mashariki mpaka magharibi. Halafu nikatazama juu, nikaona matundu hayajasogea hata kidogo, nikapotea mwenyewe. Zinazotembea ni za chini, zilizotulia ni za juu. Sasa zipi ndizo nyota? Jioni nikamuuliza mume wangu. Akasema, "Mwalimu ni wewe." Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka, lakini nilimnunia siku mbili.

Kilichokosekana kilikuwa msalaba. Memsahib alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu, Msalaba wa Kusini, nyota nne, akasema mtoto akiujua huo hapotei njia. Paa la Bibi halikuwa nao. Nilitafuta kona zote. Sasa nafika kwenye jambo ambalo daftari langu limelificha, maana niliogopa mume wangu asije akalisoma. Siku moja Bibi alipokwenda kwenye hitima mtaa wa pili, nilipanda juu ya debe, nikachukua msumari na jiwe, nikatoboa matundu manne. Nikajiambia paa lenye matundu mia haliwezi kuumizwa na manne. Hoja hiyo niliiona nzuri sana wakati ule. Masika yalikuwa wiki tatu mbele.

Na hapa lazima nimtaje Bibi kwa wema. Alikuwa akiingia kuchukua mchele, anatukuta tumelala gizani kama dagaa walioanikwa, anasema, "Haya, maiti wangu, nipisheni." Siku moja hakupita. Alitazama juu, akatazama yale matundu ya karibu na ukuta. "Kile ni Kilimia," akasema bila kuambiwa. Akawaeleza watoto kwamba kwao wakulima hukiangalia kabla ya kushika jembe, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akasema majira haya, wakitazama kutoka uani kwao jioni, watakiona upande wa machweo, na kila wiki watakikuta chini zaidi. "Wala msikinyooshee kidole," akaongeza, nao wakamwonyesha videvu vyao. Alitumia kama dakika tano. Hakuna aliyemuuliza suruali ya Kilimia iko wapi. Niliona wivu, na siandiki hivyo kwa kujisifu.

Jumamosi, siku tatu kabla Memsahib hajarudi, nilikwenda sokoni. Niliporudi, uchochoro mzima ulikuwa ukinuka lami. Kila mwaka kabla ya masika wenye nyumba wa Majengo huwasha moto nje, huyeyusha lami katika debe, na fundi hupanda juu na matambara kuziba matundu. Nilikuwa nimeishi pale miaka mitatu, nimeiona kazi hiyo kila mwaka, na bado haikunijia akilini hata mara moja. Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikatazama juu. Giza tupu. Haukusalia hata mshipi.

"Bibi," nikamwambia, "si ungengoja mpaka Jumatano?"

"Mvua imekwambia itakuja Jumatano?"

"Memsahib anakuja Jumanne kutazama nyota."

"Nyota ziko mbinguni, mwanangu. Hapa ni kwangu, na mchele wangu umelowa masika mawili."

Mwenye mchele ni yeye. Nilikwenda kulala nimemkasirikia mtu asiye na kosa, na hasira ya namna hiyo hailaliki nayo.

Basi Jumanne, chini ya mawingu yale, Memsahib akafika, akakaa kwenye debe. Niliuacha mlango wazi. Watoto kumi na tisa waliketi mbele yake, mikono nyuma.

"Mikono yao naumwa?" akauliza.

"Hapana, Memsahib. Ni adabu." Na kwa sehemu ilikuwa kweli.

Akainua karatasi nyingine kama ile ya kwanza. "Nani najua Msalaba wa Kusini iko wapi?"

Videvu kumi na tisa vikaelekea kona moja ya paa, juu ya gunia la mchele. Niliona uso wake ukikunjamana. Kusini kulikuwa upande wa pili kabisa. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilitoboa mahali palipokuwa rahisi kufika.

"Pale?"

"Ulikuwa pale," akasema binti wa fundi viatu. "Bibi ameuziba na lami."

"Bibi nani?"

"Mwenye nyumba. Ameziba zote. Mwindaji pia."

"Zingevuja," mtoto wa muuza makaa akaeleza, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni.

Memsahib akanitazama. Ikabidi nieleze, nami nikaeleza vibaya, nikianza na madebe na kurudi kwenye kafyu. Daftari linasema nilimwambia wazi kwamba ameniagiza usiku wakati serikali imeufunga usiku. Sidhani nilimwambia. Nadhani nilitaka kumwambia, halafu daftari likanipendelea.

"Watoto hawa nafikiri nyota ni tundu," akasema polepole. "Hii mbaya kuliko hapana jua kitu."

Na alikuwa na haki. Wiki tano nzima nilikuwa nimewafundisha paa. Akaanza kuikunja karatasi yake. Nikamwona anafunga mkoba, nikajua darasa limekwisha, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa watoto. Nilifikiri jinsi wale mama wangeanza tena kuniita kwa jina la mume wangu.

"Kuna zingine," binti wa fundi viatu akasema.

"Zingine nini?"

"Nyota. Za kwetu, za uani. Lakini hizo si za Mwalimu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Memsahib akauweka mkoba chini. "Nyota ya kwenu iko namna gani?"

"Zinatembea. Kilimia mimi nakiona tukila. Kilikuwa juu sana, sasa kimeshuka, kinaelekea kwa paa la choo. Kikifika hapo kitazama, halafu tukae, tukae, kitoke upande ule mwingine." Akafikiri kidogo. "Sijahesabu. Nimetazama na jicho moja."

Wengine watatu wanne wakadakia. Cha kwao kiko juu ya kamba ya nguo. Cha kwao kiko nyuma ya msikiti. Cha kwao kikubwa kuliko cha wenzao.

"Ni kile kile kimoja," binti wa fundi viatu akawakemea. "Nyinyi mnafikiri kila nyumba imepewa chake?"

Memsahib akanigeukia. "Wewe nafundisha hii?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtoto ni wa darasa langu, chumba ni cha darasa langu, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Ni mama mwenye nyumba," nikasema. "Dakika tano tu. Mimi nilifundisha yale ya lami."

Msinipe sifa kwa hilo. Nilijua nikidanganya yule mtoto atanisahihisha mbele ya mgeni.

Memsahib aliandika kwa muda mrefu, sisi sote tukitazama kalamu. Kisha akasema kibali ni mpaka masika yaishe, halafu atarudi kutazama tena. Masharti mawili. Chumba kikatwe dirisha, upana wa mikono miwili, kwani watoto si viazi vya kuwekwa gizani. Na yule mama mzee aingie darasani kila wiki. Hata karatasi ya nyota aliniomba nimrudishie.

Nilimkuta Bibi uani, ungo mapajani, akichambua mchele. Nikamsomea kibali chote.

"Dirisha," akasema. "Katika ukuta wangu."

"Dogo tu, Bibi. Bila hilo darasa linafungwa."

"Nimesikia." Akatoa chuya moja, akaitupa. "Fundi aliniambia jambo Jumamosi. Juu ya gunia langu kuna matundu manne mapya, na midomo yake imeelekea nje. Anasema amefanya kazi ya mapaa miaka mingi, hajaona mvua inayotoboa bati kutoka ndani."

Nilisimama pale na kibali changu.

"Ni mimi, Bibi. Siku ile ya hitima."

"Najua ni wewe. Panya hana nyundo."

"Nilitumia jiwe."

"Usinisahihishe." Akapepeta ungo mara mbili. "Mtu akitaka tundu katika nyumba ya mwenzake, anaomba. Leo umeomba. Litakatwa upande huu wa uani, si wa barabarani, sitaki askari wanichungulie mchele. Mumeo atalikata Jumapili, na udongo ataukandika yeye mwenyewe. Mkono mmoja na nusu."

"Memsahib amesema miwili."

"Memsahib analala hapa?"

"Na darasani, Bibi, utakuja kila wiki?"

"Nitakuja nikitaka mchele."

Tulibishana kuhusu ile nusu ya mkono mpaka adhana ya alasiri. Mkono wenyewe ulikuwa wa kupimia kwa wa Bibi, nao ulikuwa mfupi. Alikuwa na haki, nyumba ni yake. Na mimi nilikuwa na haki, sharti ni sharti. Na haki hizo mbili hazikuwa na haja ya kuzungumzwa kwa sauti ile, wapangaji wote wakiwa wametoka milangoni. Nikakubali mmoja na nusu. Watoto walirudi asubuhi yake, kumi na tisa wote, na wa kwanza kuingia aliniuliza kama dirisha litakuwa nyota kubwa. Nikamwambia akae chini.

Lakini hiyo ni kesho yake. Jioni ile ya Jumanne nilimweleza mume wangu yote isipokuwa msumari. Akasikiliza, akauliza, "Jumapili?" kisha akanawa mikono. Tulikula ugali na kunde. Kunde sikuziosha vizuri, zilikuwa na mchanga.